Ngata ya Mahameli

Katoro watu wanalipa ili watajwe. Asiyejua hilo hajakaa Katoro. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akipata dhahabu leo, kabla hajamnunulia mkewe hata kitenge, anamtafuta manju amwimbe: fulani mwana wa fulani, dume la machimbo, mwenye nyumba ya vigae. Baadaye anapita sokoni, wimbo unalia kwenye kila bodaboda, na yeye anajifanya hasikii. Wanawake nao siku hizi hawako nyuma. Zipora, fundi cherehani wa karibu na stendi, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyefunga safari kutoka Katoro hadi Kahama kwenda kuomba asitajwe.

Kisa chake kilianzia kwenye koti. Kwa miaka sita Zipora alimshonea Maduhu, yule manju anayejiita Ng'wana Melania, maana mwimbaji wa Kisukuma hujivunia mama yake mbele za watu. Koti la Maduhu ndilo lililompa Zipora jina. Wanakwaya walikuja kwake, mabibi harusi walikuja kwake, wote wanataka mshono kama wa Maduhu, hata wale ambao mshono huo uliwakaa kama gunia. Na siku ile ya kwanza kabisa Maduhu alimpa sharti moja. Makato ya nguo zake, vile vipande vinavyobaki baada ya kukata, asimpe mtu wala asitupe. Ayachome. Manju ana maadui, akamwambia, na nguo ya manju ina mwenyewe.

Miaka mitano Zipora aliyachoma. Mwaka wa sita Maduhu akaleta mahameli ya buluu, nzito, laini, yenye mstari wa dhahabu pembeni, na makato yake yakawa mazuri kuliko nguo za watu wengine. Ilikuwa masika, mkaa umelowa, jiko halishiki. Zipora akayaangalia, akaona haya kuchoma kitu kizuri namna ile. Akayatia kwenye mfuko wa salfeti pamoja na makato mengine, na Jumamosi Eufrasia akaja kuuchukua mfuko kama kawaida yake.

Eufrasia ni mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwa Zipora. Anashona ngata, zile pete za vitambaa ambazo wanawake huweka kichwani chini ya ndoo, na huko kwenye machimbo wanaobeba mawe wanazinunua sana. Zipora alipofika Katoro na mimba ya Dorah, hana ndugu hana jamaa, ni Eufrasia aliyemchemshia maji na kukesha naye hospitali. Macho yake ni mekundu miaka yote, kwa sababu amepika kwa kuni tangu utoto. Hayo macho myakumbuke, nitayarudia.

Sasa, Maduhu alikuwa na mwitikiaji wake aitwaye Edson. Kijana ana sauti, huo ndio ukweli, na mwenye sauti hakai nyuma ya mwenzake milele. Mwaka jana akajitenga. Akaondoka na nusu ya wachezaji, akaondoka na ngoma kubwa, na wasema wasemao akaondoka pia na moyo wa mke mdogo wa Maduhu. Basi vikundi vya watsapu vikapata chakula. Kuna jamaa mmoja wa udaku wa mtandaoni huko Kahama, anavaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, yeye kila asubuhi alikuwa na habari mpya: Edson kasema hivi, Maduhu kajibu vile, Athanas meneja wa Maduhu kabadilisha kufuli ya studio. Watu wa Katoro waligawanyika kama kwenye mpira. Zipora alikuwa wa Maduhu, bila shaka, na alicheka kama wengine wote. Udaku ni mtamu ukiwa wa jirani.

Maduhu na Edson wakakutana Kagongwa. Desturi ya Wasukuma katika mbina, mashindano yao ya ngoma, mnaijua: manju wawili wanacheza uwanja mmoja, huyu huku na yule kule, na hakuna jaji wala alama. Jaji ni miguu ya watu. Watu wakihama upande wako, umeshindwa, utaimbia vumbi. Na hakuna manju anayeshindwa kwa haki, kila mara ni dawa ya mwenzake. Siku hiyo Maduhu aliimba nyimbo mbili vizuri. Wa tatu sauti ikakauka. Ikakauka kabisa, anafungua mdomo kunatoka upepo, na watu wakaanza kusogea, kwanza wachache kwa aibu, halafu uwanja mzima ukamhama akabaki na wapiga ngoma wake.

Siku ya tatu ikatoka video. Wachezaji wa Edson wanacheza na vyungu kichwani, mmoja anainama, chungu kinashuka, na mwenye simu amesogeza picha karibu. Chini ya chungu kuna ngata. Katikati ya ngata kuna mahameli ya buluu yenye mstari wa dhahabu. Jamaa wa miwani akaisimamisha hapo hapo na kuuliza nguo ya Maduhu imefikaje chini ya chungu cha Edson, na ni nani anayeshika nguo za Maduhu.

Zipora aliiona akiwa kwenye cherehani. Mguu ukasimama juu ya pedali. Alikitambua kipande chake jinsi mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe, na akajua vilevile kilivyofika pale: mchezaji alinunua ngata sokoni, basi, ngata ya kubebea chungu. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Lakini nani angemwamini?

Athanas akatangaza wimbo mpya. Maduhu atajibu, akasema, na safari hii atataja jina. Kuanzia hapo Zipora hakulala vizuri tena. Shangazi wa bibi harusi mmoja alikuja akachukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, hata salamu hakuitikia. Mama muuza nyanya akawa anamtazama mikono. Nyinyi wa mbali mtasema wimbo ni wimbo tu, msanii akitukanwa ndiyo anauza. Huko kwenu. Huku jina likiunganishwa na dawa, halifutiki. Shangazi yake Zipora, marehemu Sesilia, kijijini kwao Shinyanga, alisemwa mwezi mmoja tu. Mwezi wa pili walimkuta amelala mlangoni kwake na hakuna jirani aliyesikia kitu. Zipora alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyetumwa kuchota maji ya kuoshea kile kizingiti. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini hakwenda polisi. Angeenda kusema nini? Kwamba anaogopa wimbo ambao haujaimbwa?

Alipanda gari la asubuhi la Kahama, akashuka Nyasubi kuulizia studio. Ni chumba cha uani, ukutani wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Kwenye benchi la nje walikaa watu wanaosubiri kutajwa, kila mmoja na karatasi yake: jina lake, la baba yake, la ng'ombe wake. Walikuwa na furaha. Mama mmoja alimuuliza yeye ameandika nini, na Zipora akasema bado anafikiria.

Maduhu alikuwa amejifunga taulo shingoni, ana kikombe cha tangawizi, sauti yake kama ya mtu anayekwaruza sufuria. Zipora alitarajia kumkuta mkali. Hakuwa mkali, na hilo lilimtisha zaidi. Alikuwa mtu mwenye hofu. Alimwonyesha kiti cha mbali, karibu na mlango, wala hakumpa mkono, na Zipora akaelewa kwamba Maduhu anamwogopa yeye.

Akaeleza yote, ila aliyeuchukua mfuko hakumtaja. Masika, mkaa uliolowa, mfuko wa salfeti. Akaapa kwa jina la Dorah. Athanas alikuwa pembeni anaandika kwenye simu. Maduhu alisikiliza mpaka mwisho, akanywa tangawizi yake, akasema kwa kukwaruza:

"Sina kesi na wewe, fundi. Lakini watu wanasubiri jina. Nisipotaja, Edson atasema nimekosa sauti ya kuimba hata ya kujibu. Makato ulimpa nani?"

Zipora akasema aliyatupa. Maduhu akatikisa kichwa. Athanas, bila kuinua macho, akasema basi tunaandika Zipora.

Jamani, mimi simtetei. Nasema tu jinsi ilivyokuwa. Alikiona kile kizingiti. Akamwona Dorah na ndoo. Na jina likamtoka, jepesi, kama mtu anayetaja duka alikonunua uzi.

"Eufrasia."

Athanas akauliza ni nani huyo. Jirani. Ana mume? Mjane. Anaonekanaje, macho yakoje? Zipora akasema mekundu, lakini ni ya moshi, huyo mama amepika kwa kuni maisha yake yote. Alilirudia hilo la moshi mara mbili. Vidole vya Athanas viliandika mekundu, ambayo huku ni macho ya mchawi, vikasimama.

Kwenye gari la kurudi Zipora alijiambia kwamba huenda hawatalitumia. Kwamba Maduhu ana moyo. Kwamba Eufrasia ni wengi, kila kigango cha Katoliki kina Eufrasia wake. Aliteremka Katoro amechoka, na alipopita nyumba ya tatu Eufrasia akamwita kutoka jikoni amempikia viazi. Akavipokea, akavila. Hakuwa na la kufanya.

Wimbo ulitoka Jumatano. Ijumaa ulikuwa kila mahali. Ni mzuri, hilo ndilo baya, Maduhu hajawahi kuimba vizuri namna ile na sauti ile ya kukwaruza. Anamsifu Melania mama yake, anawataja wenye maduara, halafu ngoma inapungua na anasema kwa upole: Eufrasia wa Katoro, mjane wa macho mekundu, ngata yako imenifunga koo, nami nimekuona.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Eufrasia akaja kuchukua mfuko. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na khanga begani. Zipora akamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hata hajakaa akacheka.

"Mama Dorah, wanasema nimeimbwa. Mimi! Nani kanilipia?"

Watoto wa bombani, akaeleza, walimpigia kelele kwamba Maduhu amemtaja, kisha wakakimbia, watoto bwana. Hata foleni ya maji walimwachia, kila mtu akasogea pembeni achote kwanza. Simu yake ni kitochi, haipigi nyimbo. Alikuwa amewaza njia nzima ni nani mwenye moyo wa kumlipia mjane, na hakuona mwingine ila Zipora. Akamshika mikono yote miwili. "Wabeja, mwanangu," akasema, asante ya kwao. "Nisikilizishe."

Zipora akasema simu haina chaji. Simu ilikuwa juu ya meza ya cherehani, na ujumbe ukaingia, ikawaka. Eufrasia aliiona. Hakubisha, alikaa tu kwenye benchi akasubiri kwa adabu.

Basi Zipora akauweka. Eufrasia alitikisa mguu kwenye sifa za Melania. Lilipotajwa jina lake alijifunika mdomo kwa khanga akacheka kama msichana. Kisha mguu ukaacha kutikisika.

"Rudisha hapo."

Zipora akarudisha. Eufrasia alisikiliza akiangalia sakafu, kwenye vipande vya nyuzi.

"Ile buluu ulinipa wewe."

"Nilikupa mimi, mama."

"Na jina?"

Zipora alitaka kusema kuhusu mkaa, kuhusu Sesilia, kuhusu Dorah. "Nililisema mimi," akasema. "Niliogopa. Niliwaambia ni moshi, hawakuandika moshi."

Eufrasia hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alijifuta macho yale mekundu kwa pembe ya khanga, akatazama nje, kwenye kijiwe cha bodaboda, ambako mtu alikuwa ameanza kuupiga wimbo kwa spika. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mlango wa nyuma.

Hakuna. Fremu za maduka za Katoro zimepeana migongo, zina mlango mmoja tu, na wa Zipora unatazama kijiwe. Klara, binti wa Eufrasia, yuko Ushirombo, na gari la Ushirombo linasimama ng'ambo ya kijiwe hicho hicho.

Zipora akafunika cherehani. Akili yake yote ilimwambia abaki ndani, mama atangulie peke yake, watu wasiwaone pamoja. Akatoka naye amemshika mkono.

Vijana walikuwa kama kumi. Kila siku huwa wanamwamkia Eufrasia, shikamoo bibi, mmoja baada ya mwingine. Leo aliyekuwa na spika alipunguza sauti tu. Walipokuwa katikati ya barabara mmoja akasema, wala si kwa kelele, "Na yule ndiye fundi." Zipora alisikia. Mkono wa Eufrasia ulikuwa mkavu, una sugu za sindano, na kila hatua alitamani kuuachia, lakini hakuuachia, mpaka walipofika kwenye gari.