Nafasi ya Amen

Jirani yangu hapa mtaani Katuba huchomelea milango ya chuma, na huku akipiga nyundo hutunga rapu za Yesu. Mwisho wa kila mstari hunyamaza kidogo, kuwaachia watu nafasi ya kusema "Amen." Miaka mitatu akiziimba kanisani hatukuijaza nafasi hiyo; mimi nilitazama viatu vyangu. Yeye alitabasamu tu, akaendelea. Mama Brigitte, kiongozi wa kwaya, alishasema, "Ile iko makelele ya mu bar." Jumapili iliyopita umeme ulikatika katikati ya wimbo wake, mikrofoni ikazimika. Akagonga mdundo kwenye benchi kwa vidole vyenye makovu ya moto, akamaliza mstari, akanyamaza.

"Amen," akasema Mama Brigitte. Kisha, kwa ukali uleule: "Uko unangoja nini? Leta ingine!"