Mluzi wa Kumlaza Mbwa

Shemeji yangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikumbembeleza anipende. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa upande wa Naro Moru, mume wangu alipata kipande pamoja na kondoo thelathini na wawili, kisha akarudi Nairobi kwenye kazi yake ya reli na kuniachia mimi kila kitu. Kaka yake mkubwa alibaki Mukurweini, kwenye shamba jembamba la baba yao, na hakuacha kutafuta sababu ya kuninyang'anya wale kondoo. Wawili walipopotea kwenye ukungu, akamwandikia mume wangu barua kwamba mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kuchunga kundi. Mume wangu, ambaye hajawahi kumjibu kaka yake neno kali, alinipa mpaka mvua ya masika iishe. Akipotea mwingine, kondoo wote wangekwenda kwa shemeji, na mimi ningerudi Mukurweini kumchumia mama mkwe kahawa. Nilikuwa nimeapa sitarudi.

Mzungu aliyetutangulia pale aliwapiga risasi mbwa wake wawili wazee kabla ya kuondoka. Mmoja mdogo, jike mweusi mwenye shingo nyeupe, wa wale koli wa kuchunga kondoo, alimwachia mume wangu kwa kuwa alikuwa hajafundishwa kazi. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimechuma maua ya pareto kwenye shamba lile miaka mitatu, na kila asubuhi nilimtazama mzee yule akimfundisha mama wa mbwa huyo ng'ambo ya seng'enge. Hakujua kwamba nilikuwa najifunza.

Hata hivyo nilianza vibaya. Nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, na kondoo hufungwa kamba mguuni, kila mmoja na kigingi chake, akaletewa majani ya viazi vitamu. Nilichukua kondoo watatu tuliokuja nao kutoka Mukurweini, nikawafungua, nikamfungulia na mbwa. Kila kondoo alikimbilia upande wake. Mbwa, aliyeshinda kwenye mnyororo wiki nzima, akamrukia mmoja na kumnyofoa manyoya. Nilimtukana mbwa, nikawatukana kondoo, nikamtukana na shemeji ingawa hakuwepo. Ndipo nikaelewa kwamba kondoo wa kamba hajui kufuatana na wenzake, na mbwa wa mnyororo hajui kazi nyingine ila kuuma.

Nilitupa mnyororo. Nikatenga kondoo sita wa mzungu, waliozoea kwenda pamoja, na mbwa nikamfunga kamba ndefu ya kuburuta. Kitu cha kwanza nilichomfundisha ni kulala. Mluzi mmoja mrefu, tumbo chini, na haruhusiwi kuinuka mpaka nipige mifupi miwili, hata kondoo wampite puani. Nilirudia hivyo mpaka midomo ikapasuka kwa baridi ya mlima. Kisha nikamfundisha kuzunguka. Popote nilipohamia, naye alihamia upande wa pili, ili kondoo wabaki katikati yetu. Masika yalipofika nusu, alikuwa akiniletea kundi zima kutoka mtoni bila kubweka hata mara moja. Hakupotea kondoo tena. Nilimpenda mbwa yule, na mimi si mtu wa kupenda mbwa.

Shida ni kwamba kwetu mwanamke hapigi mluzi. Nilipiga malishoni tu, mbali na majirani. Mvua ilipokwisha, shemeji alikuja, akahesabu kondoo, akakuta wametimia, akanuna. Kesho yake alininyatia mpaka malishoni, akanisikia.

"Ati mke ya ndugu yangu anapiga mluzi kama kijana ya barabara," akasema.

"Kondoo wametimia," nikamjibu. "Umehesabu mwenyewe."

"Kondoo iko. Lakini kazi ni ya mbwa, si yako. Hii mbwa iko na akili kukushinda, sasa inataka mwanaume. Nifundishe hiyo mluzi, shemeji, halafu wewe uende usaidie mama na kahawa."

Nikasema sawa. Nilisema kwa upole ambao ungemtia hofu mtu mwenye akili. Nikamwambia mluzi mrefu ndio wa kukusanya kondoo, na kwamba mbwa wa aina hii huharibika akisikia watu wawili, kwa hiyo afanye mazoezi peke yake. Alifanya mazoezi siku nne, nyuma ya choo, nami nilimsikiliza huku nikichekea ndani ya leso.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, aliwaita majirani waje waone. Walijipanga kando ya seng'enge na nguo zao nzuri, mchungaji wa kanisa letu akiwa mbele. Nilimfungulia mbwa, akatoka mbio kuwaendea kondoo. Shemeji akapiga mluzi mrefu, mzuri kuliko wangu. Mbwa akalala. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Mbwa akajibana kabisa kwenye nyasi. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaambukiza wanaume, na mimi nilisikia raha ambayo sijaisikia tena maishani mwangu.

 Shemeji alishika rungu lake, akaanza kutembea kwenda kule mbwa alikolala. Ilikuwa mbali, na hakuwa na haraka. Muda nilikuwa nao. Milio miwili mifupi tu, na mbwa angeinuka akanijia. Lakini watu wote walikuwa pale, na mchungaji, na kupiga mluzi mbele yao ilikuwa sawa na kujivua nguo. Tena shemeji angejua nilichomfanyia. Nikajiambia atampiga teke tu. Mbwa alimwona akija, akaliona na rungu. Hakuinuka, kwa sababu hakuna aliyemwambia ainuke.

Kondoo walibaki kwangu. Shemeji alirudi Mukurweini kesho yake na aibu yake, na hadi anazikwa sikumpa mkono. Watu walidhani ni kwa sababu alimuua mbwa wangu, nami niliwaacha wadhani hivyo, kuliko wajue kwamba milio yangu miwili mifupi ingemwokoa.