Video ya Singo

Tuliondoka Kiegeani, kijijini kwetu kisiwani, kwa sababu ya video. Dada yangu Riziki alipokuwa anasuguliwa singo ya manukato mwilini, uani, kabla ya harusi yake, tulikuwa wanawake peke yetu. Binamu yetu akamrekodi ili shangazi aliyeko Tanga naye aone. Shangazi akawarushia wenzake, nao wakarusha, mpaka ukurasa mmoja wa mtandaoni ukaiweka: dada kichwa wazi, mabega yanang'ara. Tangu hapo hatoki nje. Hata kisimani haendi.

Mwalimu wetu wa uraia akatuelekeza kwenye kituo cha chuo kikuu, Dar es Salaam, kinachotafiti sheria na teknolojia ya habari. Mama akanichagua mimi nimsindikize dada. "Wewe huna maneno," alisema.

Kilindoni, asubuhi, tulipanda boti. Bahari ilikuwa imelala. Kila abiria alipoinamia simu, Riziki alinibana mkono, akivuta nikabu yake.

"Ananitazama mimi yule?"

"Anatazama mpira, dada."

Usingizi ukanipitia. Nikaziona zile simu kama vidirisha, na dada yumo ndani ya kila kimoja, anagonga atolewe.

Kutoka Nyamisati, bandari ya bara, tulipanda basi. Minazi ilikimbia kurudi nyuma, kana kwamba inawahi nyumbani.

Chuoni, mchana. Nilitarajia mitambo inayonguruma. Kumbe vyumba viwili, feni na vitabu. Kaka mmoja mtafiti akatupa pole ya safari, akasikiliza kisa chetu, kisha akasema kwa upole, "Naomba niione hiyo video."

Riziki akainama. Mimi, ambaye darasani majibu hunibakia tumboni, nikasikia sauti: "Hapana, kaka. Na wewe usiione."

Ilikuwa yangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Mkuu wake, Dokta Neema, akacheka mezani kwake. "Kakuweza! Hatuhitaji kuiona, anwani ya ukurasa inatosha." Akamtoa kaka, akafunga mlango. "Binamu ulimkaribisha uani?"

"Ndiyo," Riziki akajibu.

"Na simu yake?"

"Nilimwalika yeye kwenye singo. Sikualika dunia."

"Basi tutaandika hivyo hivyo." Akatuandalia malalamiko, akayatuma kwa wenye ukurasa, ila hakutudanganya: wao ni watafiti, ukurasa unaweza kukaidi, na nakala huenda zikabaki kwa watu.

Tulilala kwa mama mdogo, Mbagala.

Kesho yake tukarudi. Nilichojifunza ni kwamba hata hapana ya mwenye haya, sheria inaisikia. Lakini boti ilikuwa inakaribia Kilindoni na wenye ukurasa walikuwa bado hawajajibu. Abiria aliyekaa kando yetu akainamia simu yake. Nikatoa mkono, nikingoja kubanwa.

Riziki hakunibana. Alikuwa anatazama ufukweni.

"Leo maji nani kachota?"

"Bado hayajachotwa, mchotaji niko huku."

"Tukifika nipe ndoo," akasema.