Tairi Mbili za Kumuaga Shangazi

Gari la shangazi lilikuwa jukumu langu kabla halijawa mali yake. Yeye ni mkunga, na alikuwa amehamishiwa kituo cha afya kilichoko milimani, mahali ambapo kipande cha mwisho cha barabara ni udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Alinituma mimi, mtoto wa kaka yake niliyesoma, nimtafutie gari lililotumika ambalo linavuta kwa magurudumu yote manne. Nililipata, nikalikagua kwa kadiri ya ujuzi wangu, nikamhakikishia kwamba litampandisha. Lilipoanza kusumbua safari ikiwa imekaribia, niliona ahadi yangu ndiyo iliyoharibika.

Katika barabara iliyonyooka lilikwenda vizuri, ila lilikuwa zito kidogo. Usukani ulipokatwa sana, kama wakati wa kugeuza kwenye vichochoro vya Magomeni anakoishi, lilikakamaa, likaguna chini ya sakafu, likasogea kwa mishtuko kana kwamba mtu amelikanyagia breki.

Tulilipeleka Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa fundi ambaye familia yetu humwamini. Alilizungusha uani, akazima injini, akashuka akijifuta mikono.

"Mama, hii fowili yako, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, imeshikana," alimwambia shangazi. "Kile kifaa cha kugawa nguvu mbele na nyuma kimekufa. Dawa yake ndogo tu. Natoa propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, linabaki la kuvuta mbele. Jepesi, mafuta halili. Wengi hapa mjini wanatembelea hivyohivyo."

"Na mlimani?"

"Mlimani utaomba dua."

"Dua naomba hata nikiwa na propela, fundi."

Wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nikimwona katikati ya mteremko, mama mjamzito amelala kiti cha nyuma, magurudumu ya mbele yakichimba tope bila kusonga. Fundi hakuwa na nia mbaya, kwani kwa mtu wa Kariakoo ushauri ule ulikuwa na faida. Lakini shangazi hakununua gari la Kariakoo.

Nikamwomba fundi asifungue kitu kwanza, kisha nikamuuliza shangazi kuguna kule kulianza lini.

Alifikiri. "Siku ileile niliyoagwa. Nilipotoka kwenye shughuli nikasema labda ni kwa sababu nimepakia watu."

Shughuli hiyo niliikumbuka vizuri. Wanawake wa mtaani kwao walikataa kumuaga kwa vitenge, wakisema huko aendako vitenge havitamvusha. Walimletea tairi mbili mpya zilizofungwa utepe, wakaziingiza uani kwa vigelegele na kwa kuzibingirisha. Zilifungwa siku hiyohiyo magurudumu ya mbele, maana zawadi huwekwa inapoonekana. Nyuma zikabaki zile zilizokuja na gari, kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, zimelika hadi karibu na kipara.

Niliomba kamba. Nikaizungusha kwenye tairi ya nyuma, nikaweka fundo pale ncha zilipokutana, kisha nikaipeleka mbele. Ncha hazikukutana. Pengo lilitosha vidole viwili.

"Sasa unalipima suruali?" fundi alisema, lakini alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando yangu.

Nilimweleza nilichokuwa nikiwaza. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa katika mwendo uleule, kwa hiyo mbele na nyuma hazikubaliani njia nzima. Kile kifaa cha katikati hakipati kupumzika, kinapata moto, kinakaza. Huenda hakijafa bado.

"Huenda," alisema fundi. "Huenda haipandi mlima. Tujaribu."

Akaenda kwenye gari lake mwenyewe, la aina hiyohiyo, akazifungua tairi zake zote nne zenye kimo kimoja, akalivisha letu. Tukalitembeza polepole hadi Msimbazi na kurudi, ili kama kifaa ni cha kukaza, kikaze. Tulipoingia uani fundi alikata usukani hadi mwisho. Gari likazunguka duara zima bila kuguna. Akazungusha upande wa pili. Kimya.

"Bwana chuo," alisema akichungulia dirishani, "propela yako na ibaki."

Tukamrudishia tairi zake, tukafunga tena zetu; kilichobaki ni kupata mbili mpya za nyuma.

Lakini mtu alipaswa kuwaambia wale wanawake, na mimi niliogopa kuwa ukweli wangu ungegeuza wema wao kuwa kosa. Nikasema nitakwenda mimi. Shangazi akanitazama kama anavyotazama joto la mgonjwa.

"Wewe utawapa muhadhara. Twende, ukae kimya."

Tuliwakuta barazani kwa yule aliyekuwa ameongoza mchango, mama mmoja mwenye sauti nzito. Nikamwamkia, akaitikia, shangazi akaeleza.

"Kwa hiyo tumekuroga kwa tairi?" aliuliza yule mama.

"Mmenipenda nusu, wifi yangu. Mbele mmenivisha viatu vya sikukuu, nyuma mmeniacha na ndala. Gari linachechemea."

Baraza zima likaangua kicheko. "Haya, na ndala tunazivua," akasema yule mama, akainuka kutafuta mtandio wake. Kufikia alasiri zilipatikana tairi nyingine mbili za aina ileile, na safari hii hapakuwa na utepe. Shangazi alipogeuza gari kichochoroni ili aondoke, walitega masikio. Hapakuwa na cha kusikia, nao wakapiga vigelegele.

Siku ya safari ya milimani aliondoka mvua zikiwa zimeshika. Siku nzima simu yake haikupatikana. Ilipolia hatimaye, nilisikia mvua kwenye bati kabla ya sauti yake.

"Nimefika. Barabara mbaya, lakini limepanda. Nina mzazi yuko kwenye uchungu hapa, baba, tutaongea."

Akakata simu.