Picha niliyodhani imeharibika: msikiti wa magofu Songo Mnara na macho ya mama

Wakuu, habari za humu ndani. Hili limenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Wa kubeza abeze, ila amalize kusoma kwanza.

Mama yangu anaishi Mtanda, Lindi mjini, lakini kwao ni kisiwani Songo Mnara. Ana presha ya macho. Tulichelewa hospitali, na daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kinaondoka.

Picha za kwenye simu haoni kitu, anasema rangi zinamchanganya. Anachokamata ni cheusi kikikaa kando ya cheupe.

Siku moja akaniambia, "Mwanangu, natamani niuone ule msikiti wa magofu kabla hili giza halijamaliza kazi." Utotoni walikuwa wanaufagia, yeye na mdogo wake, Mwanahawa. Kupanda boti sasa hawezi, miguu imechoka.

Nina kamera ya zamani ya mkanda. (Wale wa "mkanda bado upo?", upo, na Dar wapo wanaosafisha.) Nikaweka mkanda wa black and white, nikaenda Kilwa Masoko, nikavuka kwa boti hadi kisiwani.

Mama mdogo Mwanahawa alinipokea. Shikamoo, marahaba, tukaenda magofuni. Nikataka kuingia na raba zangu, akanizuia mlangoni.

"We baba, humo msikitini. Vua viatu."

"Mama mdogo, mbona hauna hata paa?"

"Kwani linaloswaliwa ni paa?"

Nikavua.

Nikapiga kibla, matao, kuta. Nikamwomba abaki nje asiingie kwenye picha. Ya mwisho nikasimama ndani, nikaulenga mlango, jua likiwa kali nje. Nabonyeza tu, huyu hapa! Kasimama katikati ya mlango, kainama anavua kandambili.

Niliudhika, wakuu, sitaficha. Mkanda ulikuwa umeisha.

Fundi wa Dar alizichapisha zote kubwa, hata ile. Mama mdogo katoka mweusi tii, nyuma yake weupe mtupu. Nikaipeleka Lindi pamoja na nyingine.

Mama akakaa dirishani. Picha ya kibla akaisogeza mpaka puani. Ya matao, vilevile.

"Naona madoa tu, mwanangu."

Nilijisikia vibaya sana. Nikaanza kuzirudisha kwenye bahasha.

"Na hiyo nyingine?"

Nikampa. Akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu anavua viatu," akasema. "Mwanahawa huyu! Mpaka leo anavua." Akaanza kulia, na mimi nikalia. "Mpigie simu. Mwambie nimemuona."

Nilichojifunza: wapelekeni wazee wakapimwe macho mapema, msisubiri walalamike. Na ukipiga picha ya magofu, usiwafukuze wenyewe.

Sasa hivi mama haoni kabisa. Picha iko ukutani sebuleni, na mgeni akija yeye ndiye anayemwonyesha kwa kidole: hapo mlango, hapo mdogo wangu.

Mwenye kisa cha picha moja tu anayoitunza nyumbani kwao akiweke hapa chini. Nitasoma vyote.