Panga langu limekataliwa Nansio

Leo nimezuiwa kuingia shambani na mwanafunzi wangu mwenyewe. Bibi wa miaka sitini na kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo panga limetoka wapi?"

Lilitoka kwa jirani yake, kwenye shamba lenye mnyauko, ugonjwa wa migomba unaoenezwa na panga chafu. Nililifuta kwa kitambaa tu, maana nawahi meli ya Mwanza.

"Mwaka jana ulitufundisha nini?"

Mimi, mtafiti wa magonjwa ya mimea, nikaomba kiberiti.

Akawasha moto. Nikalichoma panga mbele yake, pande zote mbili. Ndipo akasema, "Karibu."

Meli imeniacha. Ila migomba yake yote ni mizima.

Mnaoniulizaga kazi yangu inasaidia nini, nendeni kwake mkaone. Panga mlisafishe kabla hamjafika.