Siku Nilipomfungia Bosi Lango la Kirumi

Wasee, aibu nyingine huisha ukioga, lakini hii yangu bado inazunguka kwenye simu za watu Riyadh, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjaiona.

Shule ilikuwa imefungwa, na baba (karani wa bandari hapa Jeddah) akanipeleka Riyadh kwa Mjomba Wafula, mlinzi wa ngome ya Kirumi. Ndiyo, ya Kirumi, jangwani! Bosi wake ameijenga kwa mfano wa zile za kale, watu waje washangae. Nilienda tayari kucheka. Kisha gari likapinda nikaona ukuta, mawe juu ya mawe mpaka shingo ikauma kuyafuata, minara minne, na lango la mbao ambalo ndovu angepita bila kuinama. Mimi, na mdomo wangu huu usio na breki, kicheko nilikisahau garini.

Mjomba alikuwa langoni amevaa kama askari wa Kirumi, kofia ya shaba na sketi (sketi! mzee wa kanisa kule Bungoma!). Akanikabidhi kofia.

"Nishikie, nikachukue maji. Leo bosi analeta wageni, na wiki hii ataamua kama ananiongezea ikama, kibali changu cha kuishi hapa, au ananirudisha Bungoma. Usiguse kitu."

Mara adhana ya alasiri ikalia, wafanyakazi wote wakaenda kuswali kwenye chumba cha nyuma, humo humo ndani ya ngome, na mimi niliyekulia Jeddah nikiona maduka yakifungwa kila adhana nikajiambia lango nalo lifungwe, si ndiyo adabu? Nikalisukuma, nikavuta kamba iliyoning'inia, na gogo la komeo likashuka, guu! Ukuta ukatetemeka. Wasee, nilijisikia jenerali.

Punde nikasikia mtu anagonga. Nikavaa kofia, nikapanda juu, nikapaza Kiarabu changu cha sokoni: "Halas! Tumefunga! Mkitaka kuingia, leteni ndovu!"

Chini kulikuwa na wanaume saba wenye kanzu nyeupe pe. Sita walikuwa wananirekodi. Wa saba alikuwa bosi.

Mjomba akaja mbio. "Mtoto wa dada yangu, umenimaliza!" Tukalivuta gogo, wapi! Huinuliwa na watu wanne, na watu wenyewe wako kwenye swala.

"Mafi mushkila, hakuna shida," bosi akasema kutoka nje, "tutaswali hapa hapa."

Wakapanga safu mchangani. Niliwatazama kutoka juu, safu moja nyeupe chini ya ukuta ule mkubwa, kimya, upepo tu ukizichezea kanzu, na kwa dakika hizo nilisahau hata kuogopa.

Wafanyakazi waliporudi, lango likafunguliwa.

"Nani alifunga?"

"Mimi, bosi," Mjomba akasema upesi, kabla sijameza mate.

Kofia ikawa nzito ghafla. Nikaivua. "Si yeye, bosi. Ni mimi."

Bosi akanitazama, akalitazama gogo, akalipapasa kama farasi. "Fundi aliapa kwamba linafunga kweli, nikamwona mwongo." Akawageukia wageni, kifua mbele: "Mmeona? Ngome yangu haiingiliki!"

Ikama ya Mjomba ikaongezwa. Ruhusa yangu ya kukanyaga pale ilifutwa siku hiyo hiyo, na Mjomba huniita Jenerali mbele ya wasichana. Siku hizi nikiona kamba inaning'inia, hata iwe ya pazia, naweka mikono mfukoni.